Taarifa kwa umma isiishie Instagram

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwaambie jambo wenye dhamana ya maji, umeme, barabara, afya na hali ya hewa. Kubandika tangazo kwenye mtandao wa kijamii hakujawaarifu wananchi bado. Kumeliweka tu mahali ambapo baadhi yao wanaweza kulikuta wakipita.

Tuchukue tangazo la kawaida kabisa, la kukatika maji. Barua inaandikwa kwenye karatasi yenye nembo, kichwa chake TAARIFA KWA UMMA, inatiwa saini na muhuri, inaskaniwa, picha inapandishwa Instagram, Facebook na X, kisha inatupwa kwenye makundi ya WhatsApp. Kazi imekwisha. Kwenye ripoti ya robo mwaka itaandikwa kwamba umma ulijulishwa.

Mwenye kiswaswadu picha hiyo hataiona kabisa. Mwenye simu janja asiye na bando ataona kisanduku cha kijivu. Mwenye bando ataipata, ila WhatsApp huibana picha inapopandishwa, na wengi wakishaipiga skrini-shoti na kuituma upya inabanwa tena, mpaka majina ya mitaa yanasomwa kwa kubahatisha. Asiyeona, anayetegemea programu ya kumsomea skrini, atasikia neno “picha” basi, kwa sababu programu hizo husoma maandishi, na maandishi yaliyogandishwa ndani ya picha kwake hayapo. Anayetafuta Google “maji Kimara leo” naye anaweza kuondoka mikono mitupu. Yote haya yanatibika kwa kazi ya dakika mbili: maneno yaleyale yaandikwe chini ya picha kama maandishi, na sehemu ya maandishi mbadala ijazwe. Facebook, Instagram na X zinayo sehemu hiyo. Ni nadra kuikuta imejazwa.

Tarehe ndiyo inayoleta fujo kubwa zaidi. Iko juu kulia, herufi ndogo, na ni ya siku barua ilipoandikwa. Ndani ya barua mwandishi anasema “kesho”. Picha hiyohiyo ikizungushwa tena wiki mbili baadaye, kesho hiyo inakuwa kesho nyingine, na mtaa mzima unajaza ndoo bure. Mara ya tatu hakuna anayejaza, hata kama safari hii tangazo ni la kweli. Neno kesho, leo, na “kuanzia sasa” yafutwe kabisa kwenye matangazo ya umma. Iandikwe Jumatano, tarehe 12 Machi, na mwaka, katika mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa kuliko jina la taasisi.

Saa nazo zina vituko vyake. Kijana aliyechora bango anaandika 09:00–17:00. Barua inasema saa 3:00 hadi saa 11:00, bila asubuhi wala jioni. Mwingine aliyetafsiri kutoka rasimu ya Kiingereza anaandika “saa 9 asubuhi”, saa ambayo kwenye Kiswahili haipo. Atakayeielewa kuwa saa tisa alasiri atajikuta amechelewa kwa saa sita. Chagueni saa ya Kiswahili, mtaje asubuhi, mchana, jioni au usiku kila mara, na bango lisitofautiane na barua.

Kisha kuna “baadhi ya maeneo ya” mahali fulani. Fundi anajua valvu gani itafungwa na inalisha mitaa ipi. Upande wa umeme anajua fida gani, yaani laini inayolisha mitaa, inazimwa. Taarifa hiyo ipo kwenye mchoro wa mafundi, na inakosekana kwenye tangazo kwa sababu aliyeliandika hakushuka ngazi kuuliza. Badala yake nafasi inaliwa na ile mistari ya kuomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Usumbufu unajulikana vizuri kabisa: ni saa nane bila maji. Semeni hivyo.

Sasa tuseme tangazo limeandikwa vizuri. Bado mtandao wa kijamii haulipeleki kwa wote walioifuata akaunti, wala haulipeleki kwa mpangilio wa saa. Mashine za Facebook na Instagram hupanga kwanza kile zinachodhani kitamshika mtu, kwa kuangalia kilichopendwa, kilichojadiliwa na kilichotazamwa kwa muda mrefu. Tangazo la kufungwa barabara halipendwi na mtu. Litamfikia msomaji jioni, au keshokutwa, likiwa chini ya video ya harusi. Idadi ya wafuasi ambayo ofisi hujivunia haisemi wangapi waliona kabla ya saa tatu asubuhi, na hilo ndilo swali pekee lenye maana kwa tangazo la saa tatu asubuhi.

Tatizo zito zaidi ni kwamba jengo lenyewe si letu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na naomba radhi kwa lugha ya wahenga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka duniani kwa takriban saa sita, kwa sababu amri moja ya matengenezo ilikata mawasiliano kati ya vituo vya kampuni na njia za kufikia kampuni hiyo zikafutika kwenye intaneti. Ofisi iliyokuwa na “njia tatu” za kuwafikia wananchi iligundua siku hiyo kwamba ina moja, na hiyo moja imelala.

Wenye nyumba nao hubadilisha masharti. Masika ya mwaka 2023 Twitter, kabla haijaitwa X, iliondoa njia ya bure ambayo mashine za taasisi zilitumia kutuma taarifa zenyewe. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilionya kwamba tahadhari zake za moja kwa moja zingekwama. Mamlaka ya usafiri ya jiji la New York, MTA, iliacha mwishoni mwa Aprili kutangaza hapo hitilafu za treni na mabasi, ikawaelekeza abiria kwenye tovuti na programu yake, na ikarudi baada ya kampuni kukubali tena kuziachia taasisi za umma njia hiyo bila malipo. Abiria wa New York walikuwa na pa kwenda. Miezi miwili baadaye, kwa siku kadhaa, asiye na akaunti hakuweza kusoma chochote kwenye Twitter, hata tangazo la zimamoto.

Australia waliona jambo la ajabu zaidi. Februari 2021 Facebook iligombana na serikali juu ya malipo kwa vyombo vya habari, ikafungia kurasa zote za habari nchini humo. Mtego huo uliwanasa pia wasiokuwamo kwenye ugomvi: kurasa za mamlaka ya hali ya hewa, za idara ya afya ya jimbo la Queensland, za zimamoto na uokoaji wa Australia Magharibi, katikati ya msimu wa moto wa nyika. Zilirudishwa baadaye, lakini kwa saa kadhaa mwenye ufunguo wa mbao za matangazo za serikali alikuwa kampuni ya California.

Kwetu hapa sababu huwa nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kwa pamoja, na intaneti Tanzania na kwa majirani ikawa ya kusuasua. Kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi ndani ya nchi hakupiti chini ya bahari, na hilo lilitosha kuwa funzo. Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa na kutumika kueneza uongo, na baada ya hapo X ikawa haifunguki nchini bila VPN, programu za kupita kizuizi cha mtandao, ambazo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishataka zisajiliwe tangu Oktoba 2023. Kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti yenyewe ilizimwa hadi 3 Novemba. Kwa nini na kwa amri ya nani, si mada ya barua hii. Ninachouliza ni kama hospitali, mamlaka za maji na shirika la umeme zina njia iliyoandikwa, iliyojaribiwa, ya kuwafikia watu siku kama hizo.

Njia hiyo tunayo mfukoni tayari. Kila mwezi mamlaka za maji hutuma ankara kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya mteja, na kila mteja yumo katika kanda ya usomaji mita. Orodha ya nani aambiwe ipo, imepangwa kwa mitaa. Hivi ndivyo ujumbe unavyoweza kuwa:

Maji yatakatika Jumatano 12/3 saa 3 asubuhi hadi 11 jioni: Kimara Korogwe, Baruti, Bucha. Tunabadili bomba. Chota mapema. Yakichelewa tutawaarifu saa 12 jioni.

Hesabu: ni herufi 159, nafasi na alama zikiwemo. Ujumbe mmoja hubeba 160. Hapa kuna mtego unaokula fedha za umma kimyakimya. Idadi hiyo ni kwa herufi za kawaida tu. Ikiingia alama moja isiyo kwenye orodha hiyo, kama kikaragosi (emoji) au ile koma ya juu iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na kikomo kinashuka hadi 70. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya 67. Kiswahili kina ng' kila kona. Ukinakili kutoka Word jina kama Ng'apa, pamoja na koma yake iliyopinda, ujumbe wa herufi 159 unageuka vipande vitatu, na ofisi inalipa mara tatu. Wateja 200,000 wanakuwa jumbe 600,000. Dawa yake ni kuandika koma iliyonyooka moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma jumbe, na kuangalia kihesabu vipande kabla ya kubonyeza tuma.

Kasi nayo ihesabiwe mapema. Lango linalopitisha jumbe 50 kwa sekunde litamaliza jumbe 200,000 kwa dakika 67. Zikiwa 600,000 litahitaji saa tatu na dakika ishirini. Anayetuma saa mbili na nusu asubuhi kwa ajili ya saa tatu anajidanganya. Itumwe jioni ya siku iliyotangulia, kati ya saa 11 na saa 2 usiku, watu wakiwa nyumbani na ndoo zikiwa karibu.

Kingine kinachosahaulika ni uhai wa ujumbe. Simu iliyozimwa ujumbe wake husubiri kwenye mitambo ya kampuni ya simu, mara nyingi siku mbili au tatu, kisha hushuka ikiwashwa. Mtu anawasha simu Ijumaa anaambiwa Jumatano maji yatakatika. Mfumo wa kutuma jumbe una sehemu ya kuweka mwisho wa uhai: wekeni saa 3 asubuhi ya siku ya tukio, ujumbe ambao haujafika ufe hapo. Jina la mtumaji, ambalo haliwezi kuzidi herufi 11, liwe lilelile la kwenye ankara, lisibadilike kila mzabuni anapobadilika. Majina yakibadilika-badilika ndipo matapeli wa “tuma kwenye namba hii” wanapopenya.

Udhaifu wa njia hii ni orodha yenyewe. Namba iliyoandikwa kwenye mita ni ya mwenye nyumba anayeishi Mbezi, wakati wanaokosa maji ni wapangaji sita wa Manzese. Namba nyingine ni ya aliyehama miaka minne iliyopita. Kwa hiyo kila mita iruhusiwe kuwa na namba zaidi ya moja, na mpangaji aweze kujiongeza mwenyewe kwa USSD, zile menyu za kubonyeza nyota na reli. Serikali inayo *152*00# inayofanya kazi kwenye kiswaswadu bila bando. Mwenye namba athibitishe kwanza kwa kujibu ujumbe. Zaidi ya kuwa ni ustaarabu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haimruhusu mtu kukusanya namba za watu atakavyo.

Kwa maafa, ujumbe mfupi wa kawaida hautoshi. Mvua za Aprili 2024 zilipoijaza Rufiji, au Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo, aliyehitaji kuonywa ni kila aliyekuwa eneo hilo: mteja na asiye mteja, mvuvi, mtalii aliyeko Mafia kwa siku mbili. Ipo njia ambayo mnara hurusha tangazo moja, na kila simu iliyo chini yake hulipokea ndani ya sekunde chache, bila orodha ya namba na bila kujali msongamano wa mtandao. Imo katika viwango vya simu tangu kizazi cha pili. Wajerumani hawakuwa nayo Julai 2021, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 180 kwao. Walianza kuitumia Februari 2023. Kasoro zake zisifichwe: baadhi ya simu za bei ndogo zinahitaji kuwezeshwa chaneli kwa mkono, simu iliyozimwa haipati kitu, na mvuvi aliyevuka upeo wa mnara ni wa redio peke yake.

Tahadhari zenyewe ziandikwe mara moja, katika muundo wa pamoja wa tahadhari unaoitwa CAP, unaotambuliwa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa: hatari gani, eneo gani, ukali gani, inaanza lini, inakufa lini. Kutoka faili hiyo moja ndipo zitoke tovuti, redio, ujumbe wa mnara, na hata hizo Instagram. Taarifa za kimbunga hutolewa kwa mfululizo, na bila namba na saa ya kufa ndani yake, ya pili husambazwa sambamba na ya tano na watu hubishana ipi ni ya kweli. Umoja wa Mataifa ulilenga mwaka 2027 kila mtu duniani awe ndani ya mfumo wa tahadhari za mapema. 2027 si mbali.

Redio za jamii zisipewe picha ya barua zikajitafsirie. Zipewe maneno yaliyoandikwa kusomwa, yasiyozidi sekunde 30, ambayo kwa Kiswahili ni kama maneno 60, mtaa na saa vikitajwa mara mbili. Nakala hiyohiyo iende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwenye vipaza sauti vya misikiti na makanisa wanaokubali.

WhatsApp itumike kwa kujua mipaka yake. Kundi halizidi watu 1,024, na humo kila mmoja anaona namba ya mwenzake. Orodha ya kutangazia huchukua watu 256 na huwafikia wale tu waliohifadhi namba yenu. Ujumbe ambao tayari umesambazwa huruhusiwa kundi moja kwa mara moja, kwa hiyo mwenyekiti mwenye makundi tisa ana kazi mara tisa. Chaneli ni bora kwa sababu haina kikomo hicho na haianiki namba za watu, lakini haimfuati mtu. Lazima mtu aitafute.

Sipendekezi mitandao iachwe. Inafaa kama nakala. Tangazo liwe na nyumba yake kwenye tovuti ya ofisi yenye mwisho wa .go.tz, ukurasa mwepesi wa maandishi usiozidi kilobaiti 100, wenye anwani isiyobadilika, na posti zote zielekeze hapo. Likiahirishwa, ukurasa huo ndio unaorekebishwa, na aliyefungua kiungo cha jana anaona hali ya leo. Akaunti zenyewe ziwe chini ya wasimamizi wawili au zaidi kwa barua pepe ya kazini. Zimekuwa nyingi zilizofunguliwa kwa namba ya simu ya afisa mmoja. Akihama kituo, laini ikikaa bila kutumika na kuuzwa kwa mtu mwingine, msimbo wa kurejesha akaunti unamwendea mgeni.

Na maoni yaliyo chini ya posti yasigeuzwe dawati la malalamiko. Watu huandika pale namba ya mita, namba ya simu, hata ya NIDA, na ndani ya dakika tano akaunti yenye nembo ya kufanana inawajibu. Futeni namba hizo mara mzionapo, mjibu kwa namba ya kumbukumbu ya lalamiko, na lalamiko liingie foleni moja na la aliyepiga simu au kufika dirishani. Leo mwenye wafuasi wengi anaunganishiwa maji kabla ya bibi aliyepanga foleni tangu asubuhi. Tuache kuita hilo huduma ya haraka.

Limebaki tangazo la pili, ambalo karibu halitolewi kamwe: la kwamba maji yamerudi. Liandikwe lifuate njia zilezile lilizopita la kwanza, kwa mitaa ileile. Liseme wafungue bomba polepole kwa sababu hewa hutangulia, na maji ya mwanzo yenye rangi ya kutu wayaache yapite au wamwagilie maua kabla ya kuweka sufuria.

Wako,
Afisa habari mstaafu,
Morogoro